Boti ya mpira inayogoma kupanda juu ya maji

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya mpira ya mita 3.3, sakafu yake ni ya kujazwa upepo, na mashine ya nguvu farasi 9.8 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nikitoka Luchelele, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, peke yangu, simu inaonyesha kilomita 24 kwa saa. Nikimpakia mdogo wangu na deli la samaki, pua inanyanyuka, mashine inaunguruma, na hatuvuki kilomita 9. Wengi wananiambia nitafute mashine ya 15. Nifanyeje? — Msomaji wa Nyegezi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo ya 15 iache kwanza. Ni nzito zaidi, na uzito wake wote utakaa nyuma, mahali palepale penye ugonjwa. Tena soma kibao cha boti: nguvu ya juu inayoruhusiwa imeandikwa pale, na anayeizidisha anauchosha ubao wa nyuma mpaka unabanduka.

Hizo kilomita 9 zinaeleza jambo. Boti fupi kama yako ikiwa inalima maji hufungwa na wimbi lake yenyewe kwenye kilomita 7 au 8 hivi. Ukiongeza mafuta hapo, pua ndiyo inayopanda, mwendo haupandi. Ikishalivuka hilo wimbi na kulala juu ya maji, mzigo kwa mashine unapungua na mwendo unafunguka wenyewe. Wewe umekwama kwenye mlima, na kinachokukwamisha ni kidogo.

Anza na upepo. Hapa nasisitiza, kwa sababu boti nyingi za mpira ninazoletewa ni laini. Mirija ya pembeni kwa kawaida hutaka bar 0.25, na sakafu ya upepo karibu bar 0.7; fuata namba zilizoandikwa kwenye boti yako. Watu hujaza juani ufukweni, wakigonga inalia kama ngoma, basi wanaridhika. Ikiingia ziwani upepo uliomo unapoa na mirija inalegea. Ishushe majini, subiri kidogo, kisha ongeza kwa pampu yenye geji. Sakafu ikiwa laini, boti inajikunja katikati kila mnapogonga wimbi, na nguvu ya mashine inaishia kwenye huo mkunjo.

Halafu uzito. Wewe unayeshika usukani umekaa nyuma, tangi la mafuta liko nyuma, na sina shaka deli nalo liko miguuni pako. Peleka deli na tangi mbele, mdogo wako akae mbele ya katikati. Ukiweza kupata mkono wa kurefushia usukani, nawe sogea mbele. Ila uwe unakaza barabara usichomoke, na kamba ya kuzimia mashine ikufikie ikiwa imefungwa mguuni. Bila kamba hiyo usisogee.

Mashine ya mtumba lazima uipime. Mguu, yaani sehemu ya mashine inayoshuka majini, ukiwa mfupi hufungwa kwenye ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38, mrefu kwenye wa 51. Boti ikiwa nchi kavu, weka ubao ulionyooka chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), uuache utokeze nyuma hadi kwenye mashine. Ile sahani bapa iliyo juu ya propela iwe usawa wa ubao huo, au chini yake kwa sentimita 2. Maji yakiruka nyuma ya mguu na kuingia ndani, mashine iko chini mno: ipandishe kwa kipande cha mbao ngumu. Mkikata kona ikapiga kelele ghafla bila kusukuma, iko juu mno. Na kwa kuwa pua yako inanyanyuka, hamisha ile pini ambayo mguu unaegemea, tundu moja, mguu uingie karibu na boti.

Jingine watu wa huku hulisahau. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mashine isiyosukumiwa hewa inapoteza nguvu kiasi hichohicho. Propela inayofaa Dar es Salaam ikiwa na watu wawili, hapa inaweza kuwa nzito kwa mashine kuizungusha. Kwenye propela kuna namba mbili za inchi: ya kwanza ni upana wake, ya pili ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja. Ukipunguza ya pili kwa inchi moja, mizunguko hupanda kwa 150 hadi 200 kwa dakika. Mashine nyingi za saizi yako hutaka mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Ziko saa ndogo za kuhesabu mizunguko, ambazo waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi. Azima moja upime mkiwa mmepakia. Ikiwa hazifiki 5,000, tafuta propela nyepesi, yaani yenye namba ya pili ndogo zaidi. Kabla ya hapo, zima mashine, vua kifuniko, zungusha mshiko wa mafuta kwenye usukani mpaka mwisho uone kama kabureta inafunguka yote. Waya uliolegea unaiba nguvu nyingi.

Magugu maji yatoe kwenye propela kila mara, na utelezi wa kijani chini ya boti usugue.

Jaribu asubuhi kabla upepo haujaamka, mmevaa majaketi ya kujiokolea, kwenda na kurudi njia ileile, ukibadilisha kitu kimoja kimoja. Ukianza na upepo na deli, nadhani utaniandikia kabla hujagusa propela. Ikigoma bado, nitumie zile namba mbili za propela pamoja na mizunguko uliyoipata.