Jibu: Mfalme wa riwaya yako si lazima atoke Ulaya

Mkuu, umeuliza kwa nini mfalme wa hadithi yako ya kufikirika, hata ukimweka kwenye mji unaofanana na Kariakoo, bado anatoka kama wa kwenye sinema: taji, joka, basi.

Mimi ningeanza na Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili wa pwani. Silaha hazimwingii, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, kwisha habari. Na anayeichoma ni mwanawe wa kumzaa, kaahidiwa binti wa mfalme! Liyongo anafia kisimani kapiga goti, upinde mkononi, na watu wanakosa maji kwa kuogopa kumsogelea, wakidhani yu hai. Udhaifu, usaliti, hofu ya raia, vyote hapo.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, naye yumo, ila usiishie kwenye ushindi wake dhidi ya Wajerumani pale Lugalo 1891 kama wengi. Chukua miaka baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka 1894: mtawala asiye na ngome, anawindwa porini, mpaka anajiua 1898 asikamatwe. Kwangu mfalme aliyepoteza kiti anaandikika kuliko aliyekikalia.

Majina tu badilisha. Wahehe wamejaa hapa Dar, watakuhoji.