Muulize Babu Fundi: Zumanjaro imeenda wapi?

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Tunaishi New Jersey. Mwaka 2023 mwanangu alipanda Zumanjaro, ule mchezo wa kudondoshwa kutoka juu mnarani, pale bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure, akashuka anatetemeka, na papo hapo akaomba apande tena. Sasa nasikia mnara umelipuliwa. Ananiuliza kwa nini hawakuondoa ile rolakosta (treni ya michezo) ya mnara huohuo peke yake wakamwachia Zumanjaro yake. Na mimi nina langu: umeme ungekatika watu wakiwa wanaanguka, nini kingewazuia?
– Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie mwanao Zumanjaro haikuwahi kuwa na mnara wake. Ilikuwa mpangaji.

Mwenye nyumba alikuwa Kingda Ka, rolakosta iliyofunguliwa hapo Jackson, mji wenye bustani hiyo, mwaka 2005, kimo mita 139. Treni yake ilirushwa kwa haidroliki (nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo) hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, ikapanda wima, ikageuka kileleni na kushuka upande wa pili. Mwaka 2012 bustani nyingine ya kampuni hiyohiyo ya Six Flags kule California ilikuwa imeshapachika mchezo wa kudondoka kwenye mnara wa rolakosta. Jackson nao wakaiga: reli tatu ubavuni mwa Kingda Ka, kila moja na behewa la watu 8, miguu ikining'inia. Ndiyo Zumanjaro, iliyofunguliwa tarehe 4 Julai 2014. Ulivutwa polepole hadi mita 126, ukaachiwa, ukashuka kwa kilomita 145 kwa saa. (Jina lenyewe lilinichekesha. Utadhani mtu ameukata Kilimanjaro kichwa akaubandika kingine.)

Kingda Ka ilikimbia mara ya mwisho tarehe 10 Novemba 2024. Tangazo la kuifunga lilitoka siku nne baadaye, kwa hiyo waliopanda siku ile hawakujua kuwa wanaaga. Tarehe 28 Februari 2025 mnara ukaangushwa kwa baruti. Nyumba ikivunjwa, mpangaji atabaki wapi?

Sasa la umeme, na hapa nina ya kusema. Nimetengeneza lifti Dar es Salaam miaka 31. Chini ya chumba cha lifti kuna meno ya chuma yanayobana reli mwendo ukizidi, na nimeyakagua hadi nikayaota usiku. Nimelipwa maisha yangu yote ili watu wasianguke. Wenzangu wa Jackson waliuza kuanguka kwa tiketi!

Lakini walijua walichokifanya. Umeme ulihitajika kupandisha, si kusimamisha. Piga hesabu: kilomita 145 kwa saa ni kama mita 40 kwa sekunde, na kitu kinachoanguka huongeza karibu mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Kuanguka kwenyewe, basi, kulikuwa sekunde 4 na kidogo. Sehemu ya mnara iliyobaki chini ilikuwa ya breki. Breki hizo zilikuwa sumaku za kudumu na bapa za metali kama shaba, zinazopishana bila kugusana. Mwendo wa sumaku huzalisha mkondo wa umeme ndani ya bapa, na mkondo huo huivuta sumaku nyuma. Hapakuwa na waya wa kukatika wala swichi ya kusahau.

Nilijaribu mezani kwangu kwa kipande cha bomba la shaba, urefu wa mkono mmoja. Nikadondosha msumari: tii, umefika. Nikadondosha kisumaku kimoja cha mviringo, vile vidogo vinavyong'aa. Nikasubiri. Kilishuka kama konokono, bila kugusa ukuta, nami nikichungulia kwa juu. Ila hakikusimama. Sumaku ikipunguza mwendo, na nguvu ya kuizuia hupungua, ndiyo maana viti vya namna hii humalizia kwa kutambaa.

Mwanao anaweza kufanya hivyo hata kesho. Ila visumaku hivyo mdogo wake asivichezee: viwili vikimezwa hung'ang'aniana tumboni na kubana utumbo, na hapo ni hospitali moja kwa moja.