Nyonga Zimekaza, Kiuno Kinauma: Je, Niache Vyuma?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 34, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Nakaa kwenye cherehani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha jioni nne za wiki nakwenda kunyanyua vyuma. Kwa miezi mitatu sasa, kila ninapoinuka kwenye kigoda nahisi kama kamba inanivuta kwenye kinena, na nikichuchumaa na chuma cha kilo 90 mabegani, kiuno huniuma hadi siku ya pili yake. Mwenzangu hunikanyaga mgongoni nikapata nafuu ya saa chache. Ninanyoosha nyonga kila siku, lakini sioni mabadiliko. Je, niache vyuma?
Fundi, Mbagala

JIBU: Marahaba, fundi. Kwa haya uliyoyaeleza sioni sababu ya kuacha vyuma, ila kukanyagwa mgongoni uache leo hii, kwa kuwa nafuu yake ni ya muda na uzito wa mtu mzima juu ya kiuno kinachouma unaweza kukuumiza zaidi.

Msuli mkuu unaokunja nyonga hauanzii pajani kama wengi wanavyodhani. Umejishikiza kwenye pingili za kiuno, kuanzia pingili ya mwisho ya kifua hadi ya tano ya kiuno, ukateremka nyuma ya matumbo, ukakatiza mbele ya nyonga na kuishia upande wa ndani wa mfupa wa paja, karibu na juu. Mtu anayeshinda amekaa huuweka msuli huo katika hali ya kujikunja kutwa nzima. Akisimama, msuli usipoachia, kiuno hubinuka ili mwili upate kunyooka, na mzigo unaangukia viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Angalia kwa makini maumivu yanakuja wakati gani. Ukiwa chini umechuchumaa, msuli huo umelegea. Unavutwa pale unapomalizia kusimama. Kama kiuno kinauma juu, ukiwa umesimama na chuma, nyonga inaweza kuwa na lawama. Kama kinauma ukiwa umechuchumaa chini kabisa, huenda tatizo ni jinsi mgongo unavyojikunja katika kina kile, na kunyoosha nyonga hakutalitatua.

Kabla ya kunyoosha, pima. Kaa ukingoni mwa meza imara, lala chali huku umekumbatia magoti yote mawili kifuani, kiuno kikiwa kimegusa meza, kisha uachie mguu mmoja uning'inie. Paja likibaki juu bila kufika usawa wa meza, msuli niliouelezea umekaza. Paja likishuka lakini goti likabaki limenyooka, kilichokaza zaidi ni msuli wa mbele ya paja. Asili ya kipimo hiki ni Hugh Owen Thomas, daktari wa Liverpool wa karne ya 19. Paja likishuka vizuri na goti likajikunja, basi msuli wako si mfupi. Hisia ya kamba inaweza kutokana na msuli uliochoka au usio na nguvu, na huo unahitaji kuimarishwa kuliko kuvutwa.

Sasa nije kwenye kunyoosha kwako, ambako nadhani ndiko kosa liliko. Wengi hupiga goti moja chini, wakatanguliza mguu mwingine, kisha wakasukuma mwili mbele kadiri wanavyoweza huku kiuno kimebinuka. Hapo wanaukunja mgongo ule ule unaouma, na nyonga haiguswi. Piga goti juu ya mto, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, vuta mfupa wa kinena kuelekea kitovu, na usisogee mbele hata kidogo mpaka uusikie mvuto mbele ya nyonga. Utashangaa jinsi mwendo ulivyo mdogo. Kaa hapo sekunde 30, rudia mara 3 kila upande, baada ya mazoezi. Kabla ya mazoezi usivute kwa muda mrefu, maana msuli uliovutwa sana hupoteza nguvu kwa kitambo. Tembea na uchuchumae bila mzigo.

Ongeza kuinua makalio ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, mara 10 hadi 12, kwani kalio lenye nguvu ndilo linalonyoosha nyonga bila kukiomba kiuno msaada. Kwenye chuma, rudi kilo 60 au hata chini ya hapo kwa wiki kadhaa, kadiri kiuno kitakavyoruhusu, na ukimaliza kusimama usijipinde nyuma. Hata mashindano ya Olimpiki yaliondoa mtindo wa kusukuma chuma juu ya kichwa kwa mikono pekee baada ya michezo ya Munich ya mwaka 1972, baada ya wanyanyuaji kuzoea kujipinda nyuma kupita kiasi na waamuzi kushindwa kuafikiana. Kwenye cherehani, inuka kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda kuchukua uzi tu.

Kuna dalili zisizosubiri. Ukifa ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, ukashindwa kukojoa au kuzuia mkojo au choo, au wayo ukaanza kuburuzika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu ya mgongo pia vinahitaji daktari, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pingili, na usaha wake unaweza kuteremka kwenye msuli huu huu hadi kinenani, mgonjwa akashindwa kunyoosha mguu.

Usipokuwa na dalili hizo, rudia kipimo cha meza kila Jumapili kwa wiki 6, kisha uniandikie paja limeshuka kiasi gani.