Maswali ya Wasomaji: Bastola ya .22 kwa Mazoezi ya Shabaha

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa muda wa mwaka mmoja rafiki yangu amekuwa akinialika kwenye uwanja wa shabaha, ambako hunipa bastola yake ya milimita 9, na nimegundua kwamba kila ninapofyatua ninafumba macho kabla ya mlio. Mkufunzi wetu amenishauri nianze upya na kaliba (upana wa mtutu) ya .22, na tayari nimeanza kufuata taratibu za kibali polisi. Fedha za pensheni si nyingi. Muuzaji mmoja ananisifia bastola ndogo ya kisasa, rafiki yangu anasema nitafute rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka), na mwanangu ananionyesha kwenye simu bastola ndefu zenye mtutu mnene. Ninunue ipi?
Mwalimu Mstaafu, Jinja

JIBU: Mzee wangu, mkufunzi wako amekupa ushauri mwema, nami ninaomba umsikilize kabla ya kunisikiliza mimi. Kufumba macho kabla ya mlio hakumaanishi kwamba mtu ni mwoga. Mkono umekwisha kujua kwamba teke la bastola linakuja, nao unajikaza kulipokea, na kwa kujikaza huko unashusha mtutu kabla risasi haijatoka. Risasi ya .22 LR (Long Rifle), ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na kiwanda cha Stevens, ina kichwa cha madini laini ya risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, na teke lake ni dogo kiasi kwamba mkono husahau kuliogopa. Ukifyatua mia moja kwa utulivu utajifunza mengi kuliko kufyatua ishirini za milimita 9 huku meno yameumana.

Kabla ya kuzungumzia bastola yenyewe, ninakusihi uanze na swali ambalo wanunuzi wengi huliacha mwisho: risasi utazipata wapi, za aina gani, na kwa kiasi gani? Katika nchi yetu silaha na risasi zake zinatawaliwa na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, na kibali hutolewa na polisi, kwa hiyo huwezi kuagiza risasi kama unavyoagiza vitabu. Waulize polisi, kisha umuulize muuzaji mwenye leseni ni kaliba gani na aina gani anayoipata mara kwa mara, na usitoe hata shilingi moja ya bastola kabla hujapata majibu hayo. Mkononi mwako usiichukue bastola yoyote kabla kibali hakijatoka, hata kama muuzaji atakuambia kwamba karatasi zitafuata baadaye.

Sasa nije kwenye bastola. Kwa kulenga shabaha ya karatasi, mambo yanayostahili fedha yako ni matatu: kifyatulio kinachovutwa kwa kidole, vilengeo na uzito. Rangi, umbo la kisasa na magazini (kisanduku cha risasi) yenye risasi nyingi havitakusaidia lolote. Kifyatulio kizuri huvutika bila kukwaruza, hufika mahali kikasimama kidogo, kisha kikaachia ghafla, kama mbegu ya ndago inavyopasuka ukiibana kwa kucha. Katika mashindano ya kimataifa ya bastola ya mita 25, ambayo hutumia kaliba hii hii, kifyatulio hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko gramu 1,000. Lakini bastola nyingi za bei nafuu huvutika kwa uzito wa mara mbili ya huo au zaidi, na mkono wa mtu anayeanza hupindisha bastola katika kuutafuta mwisho wa safari hiyo.

Kuhusu vilengeo, niruhusu nikupigie hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Chukua bastola ndogo ambayo kilengeo cha mbele na cha nyuma viko umbali wa sentimita 15. Ukikosea kuvipanga kwa milimita moja tu, risasi itapotoka kwa sentimita 17 hivi kwenye shabaha iliyo mita 25. Chukua sasa bastola ndefu ambayo umbali huo ni sentimita 23: kosa lile lile la milimita moja linakuwa sentimita 11. Duara la alama kumi katika shabaha ya mita 25 ya kupiga polepole lina upana wa sentimita 5 tu. Ndiyo maana ninaona kwamba mwanao yuko karibu na ukweli kuliko muuzaji. Bastola ndogo kama P22 ya Walther ni nyepesi na hushikika vizuri hata kwa mkono mdogo, lakini wepesi huo huo hufanya kila mtetemeko wa mkono uonekane kwenye karatasi.

Rafiki yako naye hakukosea kabisa. Rivolva za bei nafuu kama Rough Rider ya Heritage au Wrangler ya Ruger, ambayo ilipotoka mwaka 2019 ilitangazwa kwa dola 249 huko Marekani, hujazwa risasi moja moja hadi sita, na nyundo huvutwa kwa kidole gumba kila mara. Utaratibu huo humfundisha mtu subira, na mkufunzi huona kwa urahisi kama silaha iko tayari au la. Tena rivolva haichagui risasi, kwa sababu haitegemei nguvu ya risasi ili kujiendesha. Kasoro yake ni kwamba vilengeo vya Wrangler ni mfereji uliochongwa juu ya mwili wa bastola na kijibati cha mbele kisichosogezwa. Ikiwa inapiga kushoto, itaendelea kupiga kushoto, nawe utalazimika kulenga pembeni siku zote. Kwa kupiga makopo hilo halisumbui. Kwa mtu anayetaka kupima maendeleo yake kwenye karatasi, linasumbua sana.

Ukiniuliza ningeweka fedha yangu wapi, nitakuambia bila kusita: kwenye bastola ya chuma yenye mtutu usiosogea, vilengeo vinavyorekebishika na magazini ya risasi kumi, yaani familia ya Mark ya Ruger au Buck Mark ya Browning. Kampuni ya Ruger ilianza mwaka 1949 kwa bastola ya aina hii hii, iliyouzwa wakati huo kwa dola 37 na senti 50, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, jambo ambalo kwangu ni ushahidi wa kutosha kwamba lilifanywa vizuri tangu mwanzo. Mark IV, iliyotoka mwaka 2016, hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma ya mwili wake. Zile za zamani, Mark I hadi Mark III, hupiga vizuri vile vile na huweza kupatikana zikiwa zimetumika kwa bei ya chini, ila kuzifungua na kuzirudisha kunahitaji moyo wa uvumilivu. Nimewahi kumwona mtu mzima akiwa na jasho la uso, bastola ikiwa imelala kwenye gazeti, kwa sababu pini moja ilikataa kuingia mahali pake. TX22 ya Taurus, ya mwaka 2019, ni ya plastiki na ya bei ya kati, hubeba risasi 16, nayo ina kifyatulio kizuri kuliko nilivyotarajia. Bei za Marekani nilizozitaja zisikudanganye. Usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji vitaziongeza, kwa hiyo tumia bei hizo kulinganisha bastola na bastola tu.

Ikiwa utanunua iliyotumika, nenda na tochi ndogo. Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa bastola ya .22 iliyong'aa kama mpya, na muuzaji akaniapia kwamba haijapigwa hata risasi mia. Nilipofika uwanjani, kila ganda la tatu lilikataa kutoka, nikawa nalichokoa kwa kijiti. Mkufunzi aliifungua, akamulika mdomo wa chemba, yaani nafasi inapokaa risasi nyuma ya mtutu, akanionyesha alama ndogo kama jino la panya juu ya ukingo: mwenye bastola wa kwanza alizoea kufyatua bila risasi, na pini inayogonga risasi ilikuwa imegonga chuma mara mia kadhaa. Ganda likipigwa hutanuka, likaingia katika lile donge la chuma lililosukumwa ndani na kukwama. Fundi aliweza kuinyoosha, lakini fedha nilizomlipa zingeninunulia risasi za miezi mingi. Kwa hiyo mulika mdomo wa chemba, tazama ndani ya mtutu kama kuna kutu au uvimbe, na uombe uipige uwanjani mbele ya mkufunzi kabla ya kulipa. Nawe ukiwa nyumbani usiifyatue tupu mpaka kitabu cha mtengenezaji kiseme kwamba inaruhusiwa.

Jambo la mwisho kwako, Mwalimu: weka kando sehemu ya fedha kwa ajili ya vikinga masikio, miwani ya kinga na sanduku la chuma lenye kufuli. Mlio wa .22 huonekana mdogo baada ya ule wa milimita 9, lakini sikio lililozeeka halirudishiwi kilichopotea.

SWALI: Mimi ni mfugaji, karibu na Mbarara. Nina kibali, na ninataka kupiga makopo shambani kwangu siku za Jumapili pamoja na wanangu wakubwa. Bastola ya .22 si ni ndogo tu? Nimefikiria kupanga makopo mbele ya kichuguu.
Mfugaji, Mbarara

JIBU: Ndugu yangu, hapana, si ndogo. Risasi ya .22 huua, na ikipigwa kwa kuinuliwa kidogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Watengenezaji wenyewe huandika onyo la umbali huo kwenye masanduku. Migomba ya jirani haitaizuia, na ng'ombe wako wa pembe ndefu hawajui kwamba leo ni siku ya makopo.

Kichuguu ninakiogopa kwa sababu mbili. Ni chembamba, kwa hiyo risasi iliyopotoka kidogo hupita pembeni na kuendelea na safari, na kilichokauka kwa jua huwa kigumu kama tofali. Risasi ya .22 huenda kwa kasi ya chini na kichwa chake ni cha mviringo, hivyo ikikutana na kitu kigumu kwa mshazari hurudi au huruka pembeni kwa wepesi wa kushangaza. Udongo wa murramu una kokoto zinazofanya kazi hiyo hiyo, na uso wa maji ni mbaya zaidi. Unachohitaji ni tuta refu, pana, la udongo laini uliochekechwa mawe, lililo juu kuliko kichwa cha mtu, na nyuma yake pasiwe na njia, nyumba wala malisho.

Hata hivyo, kabla ya kubeba koleo, nenda polisi wa wilaya yako uulize kama unaruhusiwa kupiga risasi mahali hapo. Usichukulie kwamba kibali cha kumiliki ni ruhusa ya kufyatua popote unapopenda, wala kwamba wanao wanaweza kuishika silaha yako kwa sababu tu wewe umesimama karibu. Ikiwa jibu litakuwa hapana, peleka familia kwenye uwanja ulioidhinishwa. Makopo utayakosa, lakini bamba la chuma linaloanguka likipigwa, lililotengenezwa na kuwekwa na watu wanaojua umbali na pembe yake, huwapa vijana furaha ile ile.

SWALI: Ninaishi Entebbe. Bastola yangu ya .22 inakataa kulia mara moja katika kila risasi thelathini. Je, ni mbovu?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Yawezekana si mbovu. Katika risasi hizi hakuna fataki ya katikati; dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na mahali ambapo haikufika vizuri kiwandani pini itagonga bila moto kutokea. Risasi ikikataa, usiinue bastola wala kuitazama kwa mbele. Ielekeze kwenye tuta kwa nusu dakika, kwa sababu moto huweza kuchelewa, kisha uitoe na kuutazama ukingo. Alama ya pini ikiwa ya kina na safi, kosa ni la risasi. Alama ikiwa hafifu, pini au njia yake imejaa uchafu wa nta na madini ya risasi, na unyevu wa ziwa huugandisha. Safisha chemba na uso wa mbele wa pini, paka mafuta kidogo sana, kisha ujaribu tena.

Nunua pia masanduku madogo ya aina tatu au nne tofauti, kadiri kibali chako kinavyoruhusu, upige kumi kumi za kila aina kwenye karatasi yake ukiwa umeegemeza mikono mezani. Utashangaa jinsi bastola ile ile inavyotapanya aina moja na kukusanya nyingine ndani ya duara la kikombe cha chai. Aina hiyo itakayokusanya ndiyo ya kununua, hata ikiwa sanduku lake halina picha ya kuvutia. Unapomaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa maana vumbi la madini ya risasi hubaki vidoleni.