Kabla hujameza kidonge cha goti asubuhi ya mbio

Asubuhi ya Kilimanjaro Marathon, nje ya uwanja wa Ushirika pale Moshi, nilimeza vidonge viwili vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kila kimoja miligramu 50. Goti la kulia lilikuwa likinisumbua upande wa nje kwa wiki tatu. Kidonge cha tatu nilikikunja ndani ya kipande cha nailoni nikakitia mfukoni. Nilivinunua jioni iliyotangulia kwenye duka la dawa muhimu. Muuzaji hakuniuliza kama nina vidonda vya tumbo au presha, na mimi sikumwambia kwamba kesho yake nakimbia kilomita 42.

Dawa ilifanya kazi. Mlima wa Mweka niliupanda kati ya migomba bila kulisikia goti, na huko juu nikameza kile cha mfukoni. Goti la aina yangu huumia zaidi wakati wa kushuka, nami siku ile niliteremka kwa kasi ambayo mazoezini sikuwahi kuithubutu. Nilimaliza saa tano asubuhi. Mkojo haukuja hadi saa kumi jioni, na ulipokuja ulikuwa kidogo tu, mweusi kama chai ya rangi iliyochemkia jikoni tangu alfajiri. Usiku nilikuwa hospitalini na dripu mkononi, kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, imepanda. Nililala siku mbili.

Daktari alinifafanulia jambo ambalo kila mkimbiaji angepaswa kulijua. Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huchochea maumivu na uvimbe, lakini hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kuiacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Ukikimbia saa nyingi, damu inakwenda kwenye misuli na ngozi, maji yanatoka kwa jasho, na figo zinaponea kwa prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzizuia, yaani unaziondolea figo msaada saa ileile zinapouhitaji.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 89 wa mbio ndefu kupita marathoni. Kati ya waliopewa ibuprofeni miligramu 400 kila saa nne, asilimia 52 walionyesha dalili za figo kuumia. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 34. Angalia hiyo 34. Mbio zenyewe tayari ni mzigo kwa figo.

Parasetamoli haigusi figo kwa namna hiyo, lakini ina ini la kuangalia: kwa mtu mzima mwenye afya, isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Soma paketi, ndugu yangu, maana imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua na vidonge vya mchanganyiko. Nayo pia inaficha maumivu.

Siku hizi simezi chochote kabla ya mbio wala njiani. Nikimaliza nakunywa supu yenye chumvi na maji kwa kiu yangu. Kujijaza maji matupu nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hushuka, na dawa za jamii ya diklofenaki huufanya mwili uzidi kuyashikilia maji. Nasubiri mpaka nikojoe mkojo mweupe. Maumivu yakizidi, parasetamoli, au jeli ya kupaka gotini, ambayo kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Mwenye presha, kisukari, vidonda vya tumbo au tatizo la figo amwone daktari kwanza. Na ukiona mkojo wa rangi ile niliyoisema, nenda hospitali siku hiyohiyo na uitaje dawa uliyomeza.

Goti lilinichukua wiki kumi, nyingi zikiwa za mazoezi ya nyonga. Sasa wiki ya mbio nashuka ngazi za nyumbani polepole, mguu mmoja mmoja, bila dawa yoyote mwilini. Likiuma, sikimbii. Mwaka uliofuata liliuma, nikaenda Moshi hivyohivyo, nikasimama kwenye mlima wa Mweka nikiwagawia wenzangu maji.