Jibu kwa aliyeuliza kuhusu vidonge vya kolini: mlango wa neva haufunguki kwa kusukumana

Mkuu uliyeuliza kama umnunulie mdogo wako wa form four vidonge vya kolini (kirutubisho kilichomo kwenye mayai na maini) "ili neva zishike masomo", subiri kwanza usitoe hela. Nafundisha baiolojia hapa Dodoma, na huo ujinga nilishaufanya mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, jamaa mmoja aliyekuwa akipita mabwenini aliniuzia kopo la unga wa kolini. Maelekezo yalisema kijiko kimoja kwa siku. UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inakaribia, mimi nikawa napiga viwili vya kujaa asubuhi na viwili usiku. Haikufika wiki, mwenzangu wa chumbani akaanza kupekua chini ya kitanda changu. "Oya, dagaa umeficha wapi?" Dagaa hakukuwa nao. Aliyekuwa akinuka ni mimi! Naoga, navaa shati safi, nikipanda daladala ya Sabasaba na jasho likianza, dada wa siti ya pembeni anafungua dirisha. Nilikuja kuelewa baadaye: kolini ikizidi, bakteria wa utumbo huivunja ikawa trimethilamini, kitu kilekile kinachomfanya samaki aliyelala anuke. Marekani wameweka kikomo cha gramu 3.5 kwa siku kwa mtu mzima, na harufu hiyo ni mojawapo ya sababu.

Sasa swali la maana: kwa nini iliishia jasho na si kichwani?

Kila seli ya mwili inahitaji kolini kujengea utando wake, na kwa kazi hiyo kuna mlango mpana usiochagua sana. Neva zinazotumia asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe inayotengenezwa kwa kolini, zina mlango wa ziada, kwenye ncha kabisa, pale zinapokutana na seli nyingine. Huo unasukumwa na sodiamu na una uchu wa ajabu: unainasa kolini hata ikiwa kidogo mno. Na hapo ndipo biashara ya makopo inapokwama, kwa sababu kwa mtu anayekula vizuri mlango huo tayari uko karibu na kasi yake ya mwisho. Fikiria kioski cha maji mtaani, koki moja, ndoo hamsini kwenye foleni. Ukileta ndoo ya hamsini na moja, koki haiongezi kasi.

Kinachoongeza koki ni neva yenyewe kufanya kazi. Milango mingi imehifadhiwa ndani, kwenye vifuko vidogo, na neva inapofyatua ishara ndipo inapopandishwa juu kwenye utando. Kuna kemikali ya maabara, hemikolini, inayoziba mlango huo. Mnyama akipewa, neva zake zinamaliza akiba na kunyamaza, ingawa kolini imejaa kwenye damu.

Ikishaingia, kimeng'enya huiunganisha na asetili, ambayo kwenye ubongo hutokana zaidi na glukosi (kwa hiyo ugali nao una mkono wake humo). Asetilikolini inapakiwa, inamwagwa, inafikisha ujumbe, halafu kimeng'enya kingine kinaikata papo hapo. Karibu nusu ya kolini iliyokatwa inarudi ndani kwa mlango uleule. Neva ni kama bibi yangu na chupa za soda, hatupi kitu.

Hicho kimeng'enya cha kukata nilikiona kikishindwa. Baba mdogo ana shamba la zabibu Mpunguzi. Siku hiyo alipiga dawa bila barakoa, upepo unamrudia usoni. Tulimkuta mate yanamchuruzika, mboni zimekuwa ncha ya sindano, misuli ya mkono inarukaruka yenyewe. Dawa zile za jamii ya ogano-fosfeti hukizima kimeng'enya hicho, asetilikolini inarundikana. Aliokolewa na sindano za atropini. Kwa hiyo anayekwambia asetilikolini nyingi ndiyo akili nyingi, mwambie akamuulize baba mdogo.

Wazungu nao walishajaribu. Miaka ya 1970 na 1980 wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa unaofuta kumbukumbu) walipewa kolini na lesithini, mafuta yenye kolini ndani yake, kwa wingi. Nafuu ya maana haikuonekana.

Sisemi kolini haina kazi. Ini linatengeneza kidogo tu, nyingine lazima itoke kwenye chakula. Makadirio ya Marekani ni miligramu 550 kwa siku kwa mwanaume, 425 kwa mwanamke, 450 akiwa mjamzito na 550 akinyonyesha. Yai moja kubwa lina kama 150, karibu zote kwenye kiini. Maini yana nyingi zaidi, maharage na karanga zinaongezea. Kama nyumbani kuna mjamzito, trei la mayai liende kwake kabla ya huyo wa form four.

Ukiona bado lazima ununue, soma kibandiko. Kikiandika "kolini bitatreti miligramu 500", hapo kolini yenyewe ni kama 200 tu, kilichobaki ni tatreti, kiambata kilichofungwa nayo. Yaani umenunua yai moja na kipande.