Laptopu ya kukaa nayo miaka saba

Moshi, Jumatano usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unataka laptopu ya kazi utakayokaa nayo miaka saba, na unauliza kati ya HP, Dell, Lenovo, ASUS na Apple ipi haisumbui. Nimeona nikujibu kwa kirefu, maana hela hiyo ni akiba yako ya mwaka mzima.

Unaikumbuka ile ya rangi ya fedha pale kaunta, uliyochapia barua zako za kuomba kazi? Niliinunua dukani ikiwa mpya kabisa. Mwezi wa kumi na nne bawaba ya kushoto ikaanza kulia. Skrubu zake zilishikwa na plastiki tupu. Plastiki ikapasuka, fundi akatia gundi, ikapasuka tena, na mwishowe kifuniko kikakata waya wa kioo. Sasa ile nyeusi iliyo karibu na mashine ya kopi ni ya kampuni ileile. Hiyo niliipata imeshatumika ofisini kwa watu miaka mitatu, kwa bei ndogo kuliko mwenzake mpya, na hadi leo inapiga kazi. Nimeibadilishia betri mara mbili, kibodi mara moja, na diski. Siku fundi anaifungua nilisimama pembeni nikaona mwenyewe: bawaba zake zimefungwa kwenye chuma.

Tangu siku hiyo jina la kampuni peke yake halinitoshi. Dell walikuwa na Latitude na Inspiron, HP wana EliteBook na walikuwa na Pavilion, Lenovo wana ThinkPad na IdeaPad. Katika kila jozi, ile ya kwanza huuzwa kwa maofisi, mamia kwa mpigo, mara nyingi na mkataba wa matengenezo wa miaka kadhaa. Zikiharibika ovyo, hasara inamrudia aliyezitengeneza. Ndiyo maana vipuri vyake havipotei sokoni haraka, na maelekezo ya kuzifungua yanawekwa wazi kwenye tovuti za kampuni zenyewe. Zile za pili zinashindania bei na sura. Sokoni Kiboriloni tukichagua mtumba, lebo tunaiona, lakini nguo tunaigeuza ndani tuangalie mshono. Laptopu nayo igeuze.

Tena ndani humo vitu vingi vinatoka kwa watu walewale. Mwaka 2006 Dell iliita zirudishwe betri milioni 4.1 kwa hofu ya kushika moto. Seli zake zilitengenezwa na Sony, na seli za Sony hizohizo zilikuwa pia kwenye laptopu za Apple na Lenovo, nao wakaita za kwao.

Hesabu za kulinganisha majina zipo. Mwaka 2009 SquareTrade, kampuni ya Marekani inayouza dhamana, ilichambua laptopu zaidi ya 30,000 na kukuta asilimia 31 zingeharibika ndani ya miaka mitatu. Ukiacha ajali, ASUS na Toshiba ndizo zilizokuwa na hitilafu chache, chini ya asilimia 16. HP ilikuwa ya mwisho, zaidi ya 25. Aliyesoma hapo akakimbilia Toshiba simlaumu, ila Toshiba iliuza sehemu kubwa ya biashara hiyo kwa Sharp mwaka 2018 na ikajitoa kabisa mwaka 2020. Kilichonishika mimi ni kingine: karibu theluthi ya maharibiko yote yale yalitokana na kuangushwa, kumwagiwa maji na ajali kama hizo. Hapo chapa haihusiki. Chai yako ikae meza nyingine, nakuomba.

Kuhusu Apple, najua moyo wako uko huko. Zile za chipu ya M1, zilizotoka mwaka 2020, ni mashine nzuri na betri yake inamaliza siku ya kazi. Lakini kibodi za MacBook nyingi za kati ya 2015 na 2019 punje ya vumbi ilitosha kukwamisha herufi, mpaka kampuni ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Ukiletewa ya miaka hiyo, na vumbi letu hili la Februari, iache. Halafu ramu, yaani kumbukumbu ya muda, na diski zake zimechomelewa kwenye bodi. Bodi ikifa, kazi zako zinakwenda nayo kama hukuweka nakala pengine.

Ningekuwa wewe, ningetafuta iliyotoka ofisini: ThinkPad T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5. Zote ni za 2018, ramu na diski zinachomoka, na nyingi zina prosesa za kizazi cha nane cha Intel. Chini ya kizazi hicho usishuke, kwa kuwa za nyuma yake Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Chuma kinaweza kuwa kizima, programu ikakukimbia. Kwa miaka saba, mfuko ukiruhusu, chukua mpya zaidi ya hizo katika ukoo huohuo, ila uulize kwanza ramu inachomoka au imechomelewa.

Kabla ya kulipa, fungua na kufunga kifuniko mara kumi ukisikiliza bawaba. Iwashe upya na uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ya ofisi ilikotoka, rudisha, hata muuzaji aapeje. Ukishainunua, zuia chaji ya betri isipite asilimia 80 unapokuwa mezani, na umeme ukikatika chomoa waya, kwa sababu unaporudi ndipo chaji zinapoungua.

Ukiona inayokuvutia, geuza chini uipige picha penye modeli unitumie. Fundi anakuja Jumamosi kupuliza vumbi kwenye feni za mashine za dukani. Nitamwuliza kama betri yake inapatikana hapa Moshi.

Mama